Chaki Kwanza

Umenionyesha picha kwenye simu, Tusajigwe,
nikiwa na pini tatu mdomoni,
ndiyo maana sikujibu.
Ukadhani nimenuna.

Nimezitema sasa. Sikiliza.

Miaka kumi na tisa nashona hapa Mwanjelwa
na kitambaa kimenifundisha jambo moja:
mkasi hauombi radhi.
Chaki kwanza.
Chukua kalamu, mchore huyo ndege wako
pale pale unapomtaka, chini ya mtulinga,
na kila asubuhi ukishaoga mchore tena.
Shinda naye sokoni. Nenda naye kwaya.
Lala naye siku mliyogombana na mama yako.
Mwezi ukiandama mara mbili hujamchoka,
njoo tuzungumze habari za sindano.

Nikunje mkono wa sweta uone?
Hili si jani. Lilikuwa jina.
Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, Tukuyu, mvua haikatiki,
na mwanamume aliyeapa haondoki.
Akaondoka na basi la alfajiri.
Herufi zikabaki, zote saba,
zikaosha vyombo na mimi,
zikakanda unga,
zikamwogesha mtoto wa mtu mwingine.
Nikamlipa kijana azifunike kwa jani la mgomba.
Jani lenyewe limetoka kama samaki.
Wateja wakiuliza nasema perege, yakaisha.

Usiandike mtu. Hata mimi usiniandike.
Mtoto, hapo sina neno.

Nitakupeleka kwa Ambilikile, nyuma ya stendi ya Kabwe.
Chumba chake kinanuka spiriti kama zahanati,
na harufu hiyo ndiyo ya kuitafuta.
Sindano aichane kwenye karatasi yake wewe ukitazama.
Wino aumimine kwenye kikombe kipya,
asichovye alikochovya jana.
Ukiona haya kuuliza, jikumbushe
unavyouliza bei ya viazi vya Uyole mara nne
na muuzaji hafi.

Sasa shika sikio lako.
Ulipotobolewa, nyama ilivimba
ikawa kijinundu kama cha shangazi Sekela?
Kama ndiyo, muone daktari kwanza,
la sivyo ndege atanenepa awe bata.

Usiende na njaa. Usiende umekunywa.
Nenda mwezi wa sita, watu wacheke:
nani atamwona ndege wako, baridi hii, masweta haya?
Wacheke. Hutatoka jasho.
Ila sufu inakwaruza kidonda,
kwa hiyo nitakushonea blauzi ya pamba, shingo pana,
ya kuvaa ndani.
Siku ya sita patawasha hadi utamani kisu.
Usipakune. Pigapiga kofi dogo, pembeni.
Magamba yana safari yake, yaache yaondoke yenyewe.

Mama yako atasema tumekutupa.
Mwache aseme hadi chai ipoe.
Bibi aliyemzaa alikuwa na chale tatu kila shavu,
zilisuguliwa masizi akiwa hajaota hata matiti,
na hakuna aliyemuuliza
anataka ndege au anataka jani.

Mengine utamuuliza Ambilikile, anaongea kuliko mimi.

Nimeona pia ulivyoifunga picha haraka
nilipoikuza kwa vidole
nikafika chini ya bawa, kwenye tarehe.
Sikuulizi.
Nilikuwepo, Tusajigwe. Pale Meta, kwenye korido,
nimekushikia khanga mbili
na ile ndogo ya manjano
ambayo hatukuitumia.

Ndege mchore kwa kalamu kama nilivyosema,
umbadilishe mkia, umsogeze, umchoke ukitaka.
Tarehe iache.
Hiyo haihitaji chaki.

Alhamisi sifungui duka.
Nitakaa upande wako wa kushoto,
na ukitaka mkono wa kubana
bana huu wenye samaki,
umeshazoea.